Pengo la Kidole Gumba

Mjomba Fachtna alikusanya maneno
kama wengine wakusanyavyo madeni:
kwa baiskeli, kwa kalamu mbili,
mlango hadi mlango katika mabonde ya Múscraí,
kabla hayajazikwa na wenyewe.
Mshahara ulitoka Dublin. Chai ilitoka popote.

Jikoni kwa Gobnait Ní Thuama, mwezi wa Februari,
soksi zake zikifuka mvuke mbele ya moto wa mboji,
aliuliza: "Huku chini ya chungu mwakuitaje?"
"Tóin."
"Na chini ya gunia?"
"Tóin."
"Na meli ikizama?"
"Imekwenda tóin ya shimo, Mungu awarehemu."
Kalamu ikakimbia.
"Na hicho ulichokikalia?" akauliza bibi.
Kalamu ikasimama.
"Hapo, mama, sina hakika."
"Huna hakika kama unalo?"

Maana daftari lilikuwa na safari yake.
Lingepita mezani kwa Kanoni Ó Murthuile,
mtu wa penseli nyekundu na tumbo la gesi,
kisha lipigwe taipu na binti wa ofisini
ambaye, ilisemekana, hakuwa na makalio.

Gobnait akamenya kiazi, maganda yakashuka kama utepe.
Neno hilohilo, alisema, mama alinibembelezea:
sogeza tóin yako, kipenzi, moto si wako peke yako.
Hilohilo alimtupia baba
siku alipokwenda sokoni na mtamba
akarudi na filimbi.
Neno ni moja. Sauti ndiyo yenye mkono,
na mkono hupapasa, na mkono huchapa.

Na bibi yangu, alisema,
alimpa wakala wa mwenye ardhi aliyekuja kudai kodi.
Alimpa maneno matatu, na tabasamu, na goti likainama kidogo:
Póg mo thóin.
Wakala akaomba ayarudie, polepole,
akayaandika kwenye ukingo wa mkono wa shati.
Jumapili akawakaribisha nayo wageni wake wote,
bilauri juu, mmoja mmoja,
na jikoni wapishi wakang'ata mataulo.

Haya mjomba aliyaandika, ila neno lenyewe.
Aliandika sarufi; sarufi haimkasirishi kanoni:
kwamba kitu kikiwa changu, t yake huyeyuka,
hubaki pumzi tu.
Hata chafu hulainika likipata mwenyewe.
Akaandika kwamba póg, busu, lilitoka kanisani,
ni ile pax ya Kilatini, amani ya altareni,
enzi watu walipopeana amani kwa midomo.
Nusu ya tusi, basi, imebatizwa.
Nusu ya pili asili yake wanaibishania;
ilikuwapo, imekaa kitako,
padri wa kwanza hajashuka chomboni.

Daftari la kumi na tisa ninalo mimi.
Kwenye ukurasa wa chungu na gunia na meli
kuna pengo, urefu wa kidole gumba,
safi kama kitanda cha mgeni asiyefika.
Miaka yote nilidhani alikufa nayo hofu ile.

Usiku wa mkesha wake nikaligeuza, nikitafuta pa kuweka kikombe.
Jalada la nyuma, ndani, pembe ya chini kabisa,
chini hata ya duara la chai ya nani sijui:
herufi nne za penseli.
Bila maana. Bila mfano.
Nikamwonyesha Léan, mjane wake.
Alivaa miwani, akavua, hakusema kitu.

Asubuhi padri kijana akatuambia,
peaneni ishara ya amani.
Léan akanigeukia mbele ya jeneza,
miaka themanini na sita, kofia imekwenda upande,
akanishika mkono,
na mabega yake yakaanza kutikisika.
Wa benchi la nyuma wakadhani ni kilio,
wakampitishia leso.